Mgombea Akaguliwe kama Ng'ombe wa Mnadani: Mwongozo wa Mdahalo wa Haki kwa Watu wa Arash

Hakuna mtu wa Arash anayenunua ng'ombe kwa kutazama picha yake. Atamzunguka, atamfumbua mdomo aone meno, atampapasa nundu, atamtembeza ajue kama anachechemea, kisha atauliza ametoka boma gani na kwa nini anauzwa. Dalali atasifia mpaka sauti imkauke. Mnunuzi atamwacha asifie, naye ataendelea kukagua.

Mtu huyohuyo, msimu wa kampeni ukifika, huletewa mgombea ndani ya gari lenye vioo vyeusi. Anaonyeshwa mkono unaopunga, anavishwa kofia, anapigiwa wimbo, anaambiwa huyu ndiye, mpe miaka mitano. Meno hayajaonekana. Miguu haijaonekana. Kabla vumbi halijatua msafara umeshaondoka.

Mwongozo huu unataka mgombea naye azungukwe. Umeandikwa kwa ajili ya Arash, kata ya Tarafa ya Loliondo wilayani Ngorongoro, lakini jirani wa Malambo, Ololosokwan au Karatu anaruhusiwa kuunakili bila kulipa ushuru. Una utani ndani yake, kwa sababu wagombea wengi ni wa kutaniwa. Jambo lenyewe ni zito. Juni 2022, eneo la malisho la kilomita za mraba zipatazo 1,500, lililokuwa likitumiwa na vijiji vya Loliondo, Arash kikiwamo, lilipigwa vigingi na kupewa jina la Pololeti. Askari polisi mmoja aliuawa, wananchi walijeruhiwa, familia zikavuka mpaka kukimbilia Kenya, na viongozi wa vijiji na madiwani wakafunguliwa kesi ya mauaji iliyofutwa Novemba mwaka huohuo. Maamuzi ya uzito huo hufanywa na watu ambao siku moja walikuwa wagombea, au waliteuliwa na waliokuwa wagombea. Watu hao wanapaswa kuulizwa mapema, hadharani, wakiwa wamesimama kando ya wapinzani wao.

Msingi wa hatua zote ni mmoja: mdahalo ni mali ya mpiga kura. Mgombea haombwi aje kama mgeni rasmi. Anaitwa, kama anavyoitwa mtu yeyote anayeomba kazi.

Hatua ya kwanza: Mtoeni hofu

Wagombea wengi wanaamini kwamba mdahalo unaua. Waambieni mapema kwamba takwimu hazionyeshi hivyo.

Mwaka 1995, katika uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya vyama vingi kurejeshwa, wagombea wote wanne wa urais walikutana kwenye mdahalo: Benjamin Mkapa wa CCM, Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi, Ibrahim Lipumba wa CUF na John Cheyo wa UDP. Mkapa alijibu maswali mbele ya wapinzani wake watatu, akatoka salama salimini, akapata asilimia 61.8 ya kura na kukaa Ikulu miaka kumi. Chama tawala kilipimwa hadharani na hakikupungukiwa kitu.

Baada ya hapo hofu ikaingia. Mwaka 2010 CCM kiliwazuia wagombea wake kushiriki midahalo, kikisema mikutano ya kampeni inatosha. Mwaka 2015 ulipofanyika mdahalo wa urais, John Magufuli wa CCM hakutokea, na Edward Lowassa aliyebeba bendera ya upinzani ulioungana naye hakutokea. Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo, mwanamke pekee katika kinyang'anyiro kile, alikwenda. Waliokimbia walikuwa wawili; mmoja alishinda na mwingine akashindwa. Kenya ni vilevile: Uhuru Kenyatta hakwenda kwenye mdahalo wa 24 Julai 2017 na akatangazwa mshindi, ingawa Mahakama ya Juu ilifuta matokeo hayo tarehe 1 Septemba. Raila Odinga alikwepa ule wa 26 Julai 2022 na akashindwa. Kukimbia mdahalo hakuongezi kura wala hakupunguzi kwa uhakika wowote. Kinachopungua kwa uhakika ni yale mpiga kura anayoyajua.

Kwa hiyo mtakapomwandikia barua, mwekeeni mstari huu: “Mheshimiwa, Mkapa alikwenda.” Unatosha.

Hatua ya pili: Mkagueni dalali kabla ya kumkagua ng'ombe

Dalali wa siasa ni chombo cha habari. Mdahalo wa dakika 90 hauwezi kusawazisha upendeleo wa miezi miwili. Kampeni za mwaka 2025 Tanzania Bara zilianza 28 Agosti na kumalizika 28 Oktoba. Katika siku zote hizo, kila jioni, kuna aliyesikika kwa sauti yake mwenyewe dakika nzima nzima, na kuna aliyesimuliwa na mtangazaji kwa pumzi moja. Msikilizaji hakuambiwa uongo. Alipunjwa kipimo.

Sababu ya kwanza ya upunjaji huo ni gari. Mwandishi wa kujitegemea mkoani hulipwa kwa habari iliyotumika, na mara nyingi hana nauli ya kutoka Arusha hadi Loliondo, achilia mbali kufika Arash. Mgombea mwenye msafara anampakia, anamlisha, anampa pa kulala, na jioni anampa bahasha. Mgombea asiye na msafara anakuja kwa bodaboda, na bodaboda haina nafasi ya kamera. Habari za kesho yake zimeshaamuliwa na idadi ya viti vya gari.

Sababu ya pili ni woga. Agosti 2020 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizifungia Clouds TV na Clouds FM kwa siku saba kwa sababu ya taarifa kuhusu wagombea waliopita bila kupingwa. Mei 2025 mtandao wa X ulizimwa nchini. Septemba mwaka huo JamiiForums ikasimamishwa kwa siku 90. Tarehe 29 Oktoba, siku ya kupiga kura yenyewe, intaneti ilizimwa nchi nzima. Mhariri aliyeyaona hayo yote hahitaji kupigiwa simu na mtu. Anajikata ulimi mwenyewe kabla ya saa mbili usiku.

Dawa mnayoiweza ni daftari. Chagueni vijana wawili wasio na kadi ya chama chochote, au wenye kadi za vyama tofauti wachungane. Kwa siku saba wasikilize taarifa ya habari ya saa mbili usiku, redio moja ya Taifa na moja ya binafsi. Wachore safu tatu: jina la mgombea, muda aliosikika kwa sauti yake, na jinsi maneno yake yalivyoitwa, maana maneno ya mmoja huweza kuitwa ahadi na ya mwenzake madai. Siku ya nane wasome daftari hilo mbele ya watu, na nakala itumwe kituoni kwa barua yenye muhuri wa kijiji. Ufaransa kazi hiyo hufanywa na mamlaka ya utangazaji, Arcom, inayohesabu muda wa kusema wa wanasiasa na kuvibana vituo vinapozidisha. Hapa kwetu TBC inaendeshwa kwa kodi, ikiwamo inayokatwa kwenye sukari na vocha anayonunua mama wa Arash. Ana haki ya kujua alichouziwa.

Hatua ya tatu: Mlango wa kuingilia uandikwe kabla ya majina

Swali linalovunja midahalo mingi ni nani aalikwe. Waandaaji wakubwa wa dunia wamelishindwa mara nyingi, basi msione aibu kulifikiria kwa muda.

Marekani, Ross Perot aliingia kwenye midahalo ya urais ya 1992 na kupata karibu asilimia 19 ya kura. Mwaka 1996 alifungiwa nje. Tangu 2000 tume ya midahalo ya huko ikaweka sharti la asilimia 15 katika kura za maoni, na hakuna mgombea wa chama cha tatu aliyeingia tena kwenye midahalo yake. Kenya, kabla ya mdahalo wa kwanza wa urais wa 11 Februari 2013, Paul Muite alikwenda mahakamani kudai nafasi yake, na usiku ule wakasimama wagombea wanane. Mwaka 2022 waandaaji wa Nairobi waliwagawa wagombea katika makundi mawili kwa kipimo cha kura za maoni. George Wajackoyah akasusa kwa kuwa alitaka wote wanne wakae pamoja, David Mwaure akabaki peke yake. Kundi la pili likaja, Raila Odinga hakutokea, William Ruto akabaki peke yake. Usiku mmoja, midahalo miwili, na hakuna hata mmoja uliokuwa na watu wawili wa kubishana.

Arash haina kura za maoni wala haizihitaji. Kanuni yenu iwe ya mstari mmoja: kila aliyeteuliwa na msimamizi wa uchaguzi kugombea udiwani wa kata hii au ubunge wa jimbo hili ana kiti. Wakiwa wawili, viti viwili. Wakiwa tisa, viti tisa na mkutano uanze asubuhi. Anzeni na udiwani, maana diwani mnajua anapolala.

Kuna mgombea atakayewaambia hana mpinzani, kwa hiyo mdahalo hauna maana. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, wapinzani wengi walienguliwa, vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa, na CCM kikatwaa zaidi ya asilimia 99 ya nafasi, nyingi bila kura hata moja kupigwa. Mjibuni mtu huyo kwa upole: kupita bila kupingwa si kupita bila kuulizwa. Ng'ombe akiwa peke yake mnadani bado anafumbuliwa mdomo. Kwa hakika, anakaguliwa zaidi.

Hatua ya nne: Tengenezeni uwanja usio na mwenyewe

Studio ya televisheni si mahali patupu. Tarehe 26 Septemba 1960, huko Chicago, John Kennedy na Richard Nixon walifanya mdahalo wa kwanza wa urais wa Marekani kuonyeshwa kwenye televisheni. Nixon alikuwa ametoka hospitali kwa ugonjwa wa goti, amekonda, amekataa kupakwa poda ipasavyo. Kennedy alikuwa ameungua jua na anang'aa. Zaidi ya watu milioni 60 walitazama, na mpaka leo watu hubishana kama mshindi alikuwa mwenye hoja au mwenye rangi nzuri usoni. Taa, pembe ya kamera na kiti vyote hupiga kampeni.

Wamaasai wana enkiguena, kikao ambamo mtu husimama, akasema mpaka amalize, na wengine husubiri zamu. Kina nidhamu ambayo studio nyingi zinaikosa. Chukueni nidhamu hiyo, kisha ongezeni masharti haya:

Magari yote yaachwe mbali, umbali ambao bango lake halisomeki. Mgombea atembee kwa miguu kuja kwenye mti wa mkutano. Hapo mtakuwa mmeshaiona miguu.

Hakuna wimbo, spika za chama wala mshereheshaji. Kipaza sauti kiwe kimoja, cha kijiji au cha kukodi kwa michango ya watu. Mwenye kipaza sauti ndiye mwenye mkutano.

Kofia, fulana na kanga za chama zibaki nyumbani siku hiyo, za chama chochote.

Pilau iliwe baada ya maswali, na apike kijiji. Mahakama Kuu ilishasema mwaka 2006 kwamba vifungu vya sheria vilivyoruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, ni kinyume cha Katiba. Mgombea akileta sufuria, sufuria ipewe ahsante na kurudishwa garini.

Zamu ya kusema ipangwe kwa kura ya kokoto kutoka kwenye kibuyu, atoe mtoto. Kila mgombea apewe dakika tano za kujieleza na dakika mbili kwa kila swali. Saa itunzwe na mwanafunzi wa sekondari mwenye simu, na awe msichana asiyeogopa kusema “muda umekwisha, mheshimiwa.” Mfanyisheni mazoezi ya sentensi hiyo mpaka imtoke bila kutetemeka.

Swali la kwanza liulizwe na mwanamke, na la tatu, na la tano. Enkiguena ya zamani iliwaachia wanaume kauli, na hilo ni la kurekebishwa. Aprili 2010, baada ya watu kuondolewa kwa nguvu kwenye malisho mwaka uliotangulia, wanawake wa Loliondo ndio walioandamana na kurudisha mamia ya kadi za CCM kwa hasira ya ardhi. Walijua hoja yao kuliko wengi waliokuwa wakiwasemea. Yeyo, yaani mama, aliyeweza kurudisha kadi mbele ya askari hashindwi kumuuliza diwani kuhusu bwawa.

Mwisho, ombeni kibali. Msimu wa kampeni mikutano ya wagombea huenda kwa ratiba. Andikeni barua mapema kwa msimamizi wa uchaguzi na kwa mtendaji wa kata, nakala kwa kila chama na kwa polisi, na tunzeni nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Karatasi hiyo itawafaa siku mtakapoambiwa kwamba hamkutoa taarifa.

Hatua ya tano: Wakalimani wawe wawili

Midahalo ya televisheni huwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na kanuni za utangazaji za nchi hii zinataka vituo vitumie lugha hizo. Koko, yaani bibi, aliyekaa Arash miaka sabini, anayezungumza Kimaa na ambaye kura yake ni sawa na ya profesa, hufika mkutanoni akasikiliza kelele. Hukumbuka wimbo kwa sababu wimbo ndio pekee aliouelewa.

Mkalimani mmoja hatoshi, hasa akiletwa na mgombea. Mgombea atasema “tutaangalia uwezekano,” na mkalimani wake atasema kwa Kimaa “bwawa linakuja.” Chagueni wawili, kila upande wa kata mmoja. Wa kwanza atafsiri, wa pili asikilize. Wa pili akiona limeongezwa chumvi au limepunguzwa ukali, anyooshe mkono na kikao kisimame mpaka sentensi irudiwe. Itachelewesha. Acheni ichelewe. Wagombea wanaokuja Arash wameshachelewa miaka mitano. Nusu saa haiwadhuru.

Hatua ya sita: Swali liwe na meno

Swali la “utatufanyia nini?” ni zawadi kwa mgombea. Atajibu maji, barabara, umeme na elimu, na jibu hilo analiweza hata akiwa usingizini. Swali lenye meno lina vitu vitatu: jambo linaloitwa kwa jina, tarehe, na mahali atakaposimama kulisema. Mifano ya kuanzia ni hii.

“Kuhusu malisho yaliyotengwa Pololeti mwaka 2022, msimamo wako ni upi, na ni katika kikao gani cha halmashauri au cha Bunge utakaposimama kuusema? Sema ndiyo au hapana kwanza, maelezo baadaye.”

“Agosti 2024 Serikali ilitoa tangazo lililofuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya jirani zetu wa Tarafa ya Ngorongoro. Watu wakaingia barabarani tarehe 18, na siku chache baadaye Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha tangazo hilo. Wiki ile wewe ulikuwa wapi, na ulisema nini hadharani?”

“Rais alizindua tume mbili za kushughulikia ardhi na uhamaji wa Ngorongoro Februari 2025. Utazidai lini nakala za taarifa zao, na utatusomea hapa tarehe gani?”

“Mwaka wa ukame, mifugo ya kata hii itakunywa wapi na kulisha wapi? Tutajie majina ya mahali.”

Mgombea akijibu swali ambalo hakuulizwa, msimamizi wa mdahalo asimkatishe kwa ukali. Arudie swali lilelile, kwa maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Akikwepa mara ya pili, arudie tena. Mara ya tatu mwandishi wa kikao aandike: “Aliulizwa mara tatu, hakujibu,” na asome kwa sauti alichoandika. Mikutano mingi ingekuwa mifupi kama sentensi hiyo ingekuwa inasomwa.

Haki ni kwa pande zote. Mpinzani aulizwe maswali yaleyale, kwa ukali uleule. Mtu aliyenyimwa muda redioni hapati ruhusa ya kusema mambo mepesi mtini. Akisema atairudisha ardhi yote wiki ya kwanza, aulizwe kwa sheria ipi na kwa kura za wabunge wangapi. Huruma kwa aliyeonewa ni tabia njema, lakini kura ya huruma humpa mtu miaka mitano bila kukaguliwa.

Hatua ya saba: Viti vitupu ni vya aina mbili

Hapa ndipo penye uzito kuliko hatua zote, na ndipo midahalo mingi inapokosea hata inapokuwa na nia njema.

Aina ya kwanza ni kiti cha aliyeitwa akakataa. Rais Yoweri Museveni wa Uganda hakwenda kwenye mdahalo wa 15 Januari 2016 jijini Kampala. Kelele zikawa nyingi, na tarehe 13 Februari, siku tano kabla ya kura, akaenda kwenye ule wa pili. Kiti kitupu kilifanya kazi kwa sababu kilionekana. Basi nanyi msikiondoe. Wekeni kigoda, bandikeni jina la mgombea na tarehe aliyopokea barua. Kigoda hicho nacho kiulizwe kila swali, na mtunza saa ahesabu dakika zake mbili kwa ukamilifu, watu wakiwa kimya. Akija mwakilishi kusema kwa niaba yake, akae kwenye nyasi asikilize. Hakuna ng'ombe anayekaguliwa kwa kumtazama mchungaji wake.

Aina ya pili ni kiti cha aliyetaka kuja akazuiwa. Tundu Lissu, mwenyekiti wa CHADEMA, alikamatwa 9 Aprili 2025 na kufunguliwa shtaka la uhaini, na siku chache baadaye chama chake kikazuiwa kushiriki uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo akaenguliwa kwenye mbio za urais. Tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Rais Samia Suluhu Hassan ameshinda kwa asilimia 97.66. Katika uchaguzi kama huo hata ungeandaliwa mdahalo wenye taa nzuri na saa sahihi, usingekuwa wa haki, kwa sababu haki ilikuwa imeshavunjwa mlangoni, kabla ya kamera kuwashwa.

Mkiviweka viti hivi viwili pamoja na kuviita vyote “hawakuhudhuria,” mnamdhulumu aliyezuiwa na kumpa heshima aliyekimbia. Televisheni husema hivyo kila mara, na huamini imetenda haki kwa kuwa imesema sentensi moja kwa wote. Kipimo kimoja kwa mambo mawili tofauti ni upendeleo. Kiti cha aliyezuiwa kiandikwe nani alimzuia, kwa sababu gani iliyotolewa, na tarehe. Kisha sababu hiyo iwe swali kwa wote waliohudhuria: “Je, unakubali mwenzako aondolewe kwa namna hii?” Mgombea anayefurahia mpinzani wake kuondolewa ameshawaonyesha atakavyowatendea ninyi siku mtakapopingana naye.

Swali lisilopewa mkutano hutafuta barabara. Lilitafuta barabara kule Ngorongoro Agosti 2024, na nchi nzima tarehe 29 Oktoba 2025, ambapo watu walipoteza maisha na tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ikaundwa baadaye. Mdahalo wa haki huokoa watu na hasara hiyo: hasira hupewa kipaza sauti mchana, mbele ya mashahidi, na mwenye mamlaka hulazimika kujibu kwa mdomo.

Hatua ya nane: Muhtasari usainiwe, na mgombea aitwe tena

Mdahalo usio na maandishi ni mkutano wa burudani. Mwandishi wa kikao aandike kila ahadi kwenye mstari wake, pamoja na tarehe aliyoitaja mgombea mwenyewe. Kabla ya pilau, kila mgombea asome ahadi zake na kuweka sahihi. Anayesita kusaini alichokisema robo saa iliyopita amewapunguzia kazi ya kuchagua.

Karatasi hiyo ina pa kwenda. Sheria ya serikali za mitaa inautambua Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaojumuisha kila mkazi aliyetimiza miaka 18 na unaopaswa kukutana kila miezi mitatu. Aliyeshinda aalikwe hapo, ahadi zisomwe moja moja, naye aseme imefikia wapi. Walioshindwa nao waalikwe wamuulize. Mdahalo wa Arash hautakwisha siku ya kura. Utakuwa na kikao kila robo mwaka, jambo ambalo hakuna kituo cha televisheni kilichowahi kuliweza.

Lini kuanza

Uchaguzi wa serikali za mitaa unaofuata ni 2029, na uchaguzi mkuu ni 2030. Anzeni mwaka huu. Sababu ni hii: leo hakuna aliyetangaza nia. Mwenyekiti wa kijiji hajui kama mwanawe atagombea, mwalimu hajui, na anayepanga kuja na msafara hajapata pesa ya mafuta. Kanuni inayoandikwa wakati ambapo hakuna anayejua itamfaa nani ndiyo kanuni pekee ambayo wote watakubali kuwa ni ya haki. Ikiandikwa majina yakishajulikana, kila mstari wake utatafutiwa mwenyewe, na atapatikana.

Kwa hiyo katika Mkutano Mkuu ujao, ajenda ya kwanza iwe kamati ya mdahalo ya watu saba, wanne wakiwa wanawake, na sharti kwamba mwanakamati yeyote akichukua fomu ya kugombea chochote anatoka siku hiyohiyo. Ajenda ya pili iwe kuzipitisha kanuni hizi kwa kuzirekebisha mpendavyo. Ajenda ya tatu iwe kumwita diwani aliyepo sasa, kwa barua yenye tarehe, aje afanye jaribio la kwanza. Hana mpinzani kwa sasa, kwa hiyo hana kisingizio, na dakika zote ni zake.